Wajina wa Bibi Sesilia

Kijijini Titye siku hizi kimya. Si kimya cha msiba, wala si kile cha kiangazi watu wanapokuwa mashambani kuchoma majani. Ni kimya cha sauti moja iliyoondoka. Mbuzi huingia kwenye maharage ya watu mchana kweupe, hutafuna taratibu wakitazama kulia na kushoto kama wageni waliokaribishwa, na hakuna wa kuwashtua. Watoto huenda shule na tongotongo machoni, kwa sababu hakuna anayewauliza kutoka ng'ambo ya bonde kama wamenawa. Reverien, aliyekuwa jirani wa karibu, anasema miezi ya mwanzo aliamka alfajiri akakaa kitandani akisubiri kusemwa. Halafu alikumbuka, akajifunika tena, na usingizi haukurudi.

Aliyeondoka ni Bibi Sesilia, mwanamke mfupi wa mabega mapana, aliyepewa sauti ya mtu mkubwa kuliko yeye. Kwaya ya kigangoni ilimwomba kwa adabu asimame mlangoni, nusu ndani nusu nje, ili sauti yake igawane na shamba. Alikuwa mjane na hakujaliwa mtoto. Mume wake alifariki mapema, na watu wa Titye, ambao hawana haya, walisema marehemu amekwenda kupumzisha masikio. Bibi Sesilia aliusikia utani huo akacheka. Kisha akasimama ukingoni mwa bonde akamtaja aliyeuanzisha, jina lake na la baba yake, akaeleza vijiji viwili jinsi mke wa bwana huyo alivyompiga kwa mwiko.

Jina lake aliliacha wazi kama njia ya kijijini, kila mtu apite anavyoweza. Waha wenzake walimwita Sesiriya. Muuguzi wa zahanati, mwenyeji wa Mbeya, alisema Sisilia. Wakongo waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kununua maharage walisema Mama Sesile. Wote aliwaitikia, tena kabla hawajamaliza. Kilichomuuma kilikuwa kingine: chini ya jua lote hili, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeitwa hivyo kwa ajili yake.

Katika ukoo wao mtoto hapewi jina hivi hivi. Hupewa jina la mtu, na mtu huyo huwa wajina wake maisha yote. Wajina akiwa hai, huja na kitenge cha kumbebea mtoto na kuku wa mzazi, akainama sikioni akamwita mtoto kwa mara ya kwanza. Kabla hajafika, mtoto haitwi kitu. Wajina ndiye humnyoa nywele za kwanza. Kwenye sherehe wanawake hukaa kila mmoja na wajina wake magotini, na paja la kuku la mtoto hupitia mkononi mwa mkubwa, ambako mara nyingi safari yake huishia. Na mtoto akilia bila sababu, watu husema analilia jina, maana yake kuna mwenye jina ambaye hajaridhika.

Vestina, shemeji yake Bibi Sesilia, alikuwa na wajina wanne na wala hakujitahidi. Walimzunguka kama vifaranga. Bibi Sesilia alikaa kwenye sherehe hizo na magoti yake matupu, akila paja lake mwenyewe.

Si kwamba hakuahidiwa. Mara ya kwanza alishanunua kitenge, mtoto akazaliwa wa kiume. Mara ya pili mama mtoto alizalishwa na muuguzi mpole sana, akashukuru kwa kumpa mtoto jina la muuguzi. Mara ya tatu mtoto aliitwa Sesilia Vestina, na kabla hajanyonya mara ya pili, Sesilia ilikwisha kudondoka njiani. Ndipo Reverien, kwa nia ambayo hadi leo anaapa ilikuwa njema, akampa ndama wake jike jina la Sesiriya, kwa kuwa alilia mchana kutwa. Bibi Sesilia alimsema Reverien hadi mbwa wakaondoka. Lakini jioni moja Reverien alimkuta zizini, ameshika bonge la chumvi, ndama analamba kiganjani mwake, naye anamnong'oneza, "Wajina. Wajina wangu." Mnong'ono wake ulisikika barabarani. Ndama alikua, akawa ng'ombe mkaidi, akauzwa mnadani Kasulu, na Bibi Sesilia hakusema na Reverien hadi maharage yalipovunwa.

Matumaini yaliyobaki yalikuwa kwa Ndayisaba. Huyu ni mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa, baada ya mama yake kufariki. Alikuwa sasa mtu mzima, fundi wa kuchomelea mageti mjini Kibondo, na amemwoa Esperance, binti wa Mabamba, kule mpakani. Siku aliyooa alimwambia Bibi Sesilia mbele za watu kwamba akizaa wa kike, ni yeye.

Simu ilipokuja, ilikuja kwa Reverien, kwa sababu Bibi Sesilia hakuona haja ya simu. Sauti yake ilifika alikotaka bila vocha.

"Masenge," alisema Ndayisaba, maana ndivyo Muha anavyomwita shangazi yake, "Esperance amejifungua. Wa kike."

"Umemwona mwenyewe au umeambiwa?"

"Nimemwona."

"Umeangalia vizuri?"

"Masenge."

"Nauliza tu. Mimi nimeshawahi kununua kitenge."

"Wa kike. Na jina ni lako, kama nilivyoahidi. Njoo umwite, tunakusubiri wewe."

Hapo Bibi Sesilia akanyamaza. Reverien alidhani mtandao umekatika, akamnyang'anya simu akaitikisa.

Kesho yake alikuwa kwenye basi la Kibondo na kuku miguuni, mfuko wa maharage, kitenge kipya chenye maua makubwa kama masinia, na wembe uliofungwa kwenye karatasi tayari kwa nywele za kwanza, ingawa mtoto alikuwa hajatimiza wiki. Hakumwambia mtu habari zake ila aliyekaa kulia kwake. Sauti yake iliwaambia wengine. Walipofika Kibondo basi zima lilikuwa limeshampongeza, na dereva akambebea kuku hadi chini.

Ndayisaba alipanga nyuma ya soko, kwenye nyumba ya Bi Mwanahawa, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Ujiji na biashara zao, naye akabaki na chumba cha mbele cha kuuzia kanga na viungo vya pilau. Bi Mwanahawa alikuwa na kiti chake barazani, na kutoka kitini hapo aliendesha nyumba, uchochoro na sehemu kubwa ya soko. Uani alikuwapo mgeni mwingine aliyetangulia. Huyu ni Apoline, mama yake Esperance, aliyezaliwa upande wa Burundi akaolewa Mabamba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kusema polepole kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa pomoni.

Wakaamkiana kwa heshima zote, mkwe huku, mkwe kule. Maji ya kunawa yakaletwa. Kisha Bibi Sesilia akapewa mtoto.

Alikuwa kitu kidogo chekundu chenye uso wa mzee aliyedhulumiwa shamba. Bibi Sesilia alimtazama. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake tangu Titye, sasa yote yalimtoka akabaki na moja. Akainama sikioni.

"Sesiriya."

Kuku aliyekuwa amefungwa kwenye mguu wa meza alikata kamba. Mtoto alifungua macho, akafungua na mdomo, akalia kilio ambacho hakikuwa na mwisho wala nukta.

"Sesiriya, wajina wangu, nimekuja."

"Samahani, mkwe," Apoline akasema polepole. "Mbona unamwita mtoto jina lako?"

"Nimwite la nani?"

"Lake. Huyu ni Sesil. Ni mama yangu."

"Mama yako yupi?"

"Mimi nina mama mmoja, mkwe, kama watu wengine. Marehemu Sesil. Mume wa binti yangu aliniahidi mwenyewe, tumbo likiwa bado halionekani."

Wanawake wote uani wakageuka kumtafuta Ndayisaba. Ndayisaba, ambaye huchomelea vyuma bila miwani na cheche zikamwangukia asitikisike, alikuwa amesimama karibu na mlango. Akasema kuna geti la mtu lazima limalizike leo. Akaenda. Alikwenda kwa miguu na pikipiki yake akaiacha pale pale.

Kutoka barazani ikaja sauti ya Bi Mwanahawa, ambaye hakuwa ameitwa.

"Haya. Mtoto kapewa jina moja lenye wenyewe wawili, mmoja hai, mmoja kaburini. Hata mimi ningelia."

Na mtoto alilia kweli. Mchana alikuwa mtu mwema wa kunyonya na kulala. Ila majiko yalipoanza kuwashwa, naye aliwaka. Kila jioni walikusanyika uani kumbembeleza, na kila aliyembembeleza alikuwa na lake la kuthibitisha. Apoline alimpokea, akamtikisa taratibu, "Sesil, Sesil," na mtoto akitulia kidogo Apoline alimtazama mkwe wake bila kusema neno, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko neno. Bibi Sesilia alimpokea kwa zamu yake, "Sesiriya," na mtoto akitulia kidogo yeye hakutazama mtu. Alilitangazia soko zima.

"Amemeza pumzi tu huyo," Apoline akasema. "Anajiandaa."

"Kwako alilala?"

"Alikuwa anafikiri, mkwe."

Majirani nao wakajitolea. Vijana wa bodaboda waliopaki uchochoroni walishauri aitwe Sesi, wakasema ndiyo ya mjini, Sesiriya itamchelewesha maisha. Bi Mwanahawa alijaribu Sasilia, akasema kwao Ujiji hawana jina hilo lakini wangekuwa nalo wangelitamka hivyo, na lingependeza. Katekista Athanase alikuja kuandikisha ubatizo. Yeye alijifunza Kilatini cha misa kwa padre mmoja wa Kiitaliano zamani, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumtoa humo.

"Wote mnakosea," alisema. Akavua kofia, akaviringisha mdomo kama anayepuliza moto wa kuni mbichi. "Chechilia."

Mtoto alipiga chafya, ikamwingia Athanase.

"Umeona? Ameitikia."

"Amekutemea, mwalimu," Bibi Sesilia akasema. "Kaa mbali."

Esperance alikuwa amelala mkekani, macho mekundu, hajafumba vizuri tangu ajifungue. Akainua kichwa.

"Mwiteni Jumatano," alisema. "Mwiteni hata Sufuria. Ila anyamaze."

Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa yeye alikuwa mama mtoto tu.

Siku zikasogea hadi ikakaribia Jumapili ya ubatizo. Bibi Sesilia alikula vizuri, akasema kwa sauti, akagombana na muuza dagaa kuhusu ukubwa wa kopo. Lakini kitenge cha maua makubwa kilikuwa bado kimekunjwa ndani ya mfuko. Hangeweza kumbebea mtoto ambaye si wajina wake. Kila alipokigusa aliwaona wanawake wa Titye kwenye sherehe, na magoti yao yaliyojaa, na jinsi watakavyomuuliza kwa upole. Upole wa watu wa Titye aliuogopa sana.

Akaenda kwenye karakana ya Ndayisaba, akasimama katikati ya cheche.

"Zima hicho."

Akazima.

"Niambie. Ulimaanisha nani?"

"Wote, masenge."

"Wote si mtu."

Ndayisaba alitazama geti lililokuwa mbele yake kana kwamba lingemfungulia. "Wewe umenilea. Yule amenipa mke. Na jina lilikuwa hilo hilo moja. Nikasema, kumbe Mungu amenirahisishia, nilipe ahadi mbili kwa mtoto mmoja. Na mnavyolisema kila mtu kivyake, nilidhani hamtakutana."

"Tungeachaje kukutana? Mtoto mmoja, nyumba moja."

"Hapo ndipo sikufika, masenge."

Bibi Sesilia alimtazama mtu mzima huyu mwenye ndevu, ambaye yeye ndiye alimfuta kamasi utotoni, na hakuweza kumkasirikia kwa muda aliokuwa amepanga.

"Jumapili padre atakuuliza jina la mtoto," alisema. "Utafungua mdomo wako. Ukisema kama tusemavyo sisi, ni wajina wangu. Ukisema kama wasemavyo wao, ni wa marehemu, nami nitapanda basi. Mkwe amekubali. Bi Mwanahawa ni shahidi."

"Na nikikosea?"

"Huwezi kukosea. Utasema tu, na itakuwa hivyo."

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Siku mbili zilizofuata Ndayisaba alionekana akitembea huku midomo inacheza. Esperance alimsikia bafuni akisema "Sese," kisha kikohozi, kisha "Sesee," kisha maji mengi. Mtoto mwenyewe akawa anamwita bosi tu, asilitaje jina.

Jumamosi ilikuwa ya kufua. Bibi Sesilia na Apoline walijikuta kwenye bomba moja, beseni moja, nepi za mtoto mmoja. Walifua kimya muda mrefu, yaani Apoline alikuwa kimya.

"Mama yako huyo," Bibi Sesilia akasema mwisho, "alikuwa mtu gani?"

Apoline alikamua nepi akaitazama. "Alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa anavuka kuja Mabamba na ndizi kichwani, anarudi na chumvi, na huko katikati anacheka. Watu wa mpakani walimjua kwa kicheko. Sasa hata picha hana. Tulizaliwa wasichana watupu kwake, tukaolewa, na kila aliyezaa, upande wa mume wakatoa jina. Wote tulisema, mwingine atampa. Bon, basi. Hakuna aliyempa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Bibi Sesilia alisugua nepi iliyokwisha kutakata. Kuna kitu alikuwa hajamwambia mtu, na hakujua kwa nini kilichagua kutoka hapo, mbele ya adui na sabuni.

"Mimi nilipata ng'ombe," alisema.

"Nini?"

"Ng'ombe. Jirani alimpa ndama jina langu kunicheka. Nilimsema sana. Halafu nikawa nampelekea ndama huyo chumvi, jioni, kama wajina anavyopaswa. Na siku moja nikamnyoa nywele kidogo hapa, kwenye paji."

Apoline aliiacha nepi ikazama. "Ulimnyoa ng'ombe?"

"Kidogo. Alikuwa hatulii."

Apoline alianza kutikisika mabega. Bibi Sesilia alidhani analia, akanyoosha mkono wenye povu kumshika, kumbe ni kicheko, kikubwa, cha kifua kizima, ambacho hakikufanana kabisa na mwanamke yule wa kubeba maziwa. Kiliwafikia vijana wa bodaboda wakazima redio. Bibi Sesilia naye akakipata. Walicheka hadi Apoline akakaa chini kwenye maji, na sabuni ikachukuliwa na mfereji, wakaitazama inakwenda.

"Mama yangu," Apoline alisema alipopata pumzi, akijifuta macho kwa nepi, "mama yangu hata ng'ombe hakupata."

Halafu wakainuka, wakaanika nepi kwenye kamba moja.

Jumapili kanisa lilijaa. Watoto wa kubatizwa walikuwa wengi na walikuwa wamepangwa mstari mbele, kila mmoja analia kwa ufunguo wake. Padre alikuwa kijana, mwenyeji wa Sumbawanga, mtu wa haraka kidogo kwa sababu alikuwa na misa nyingine mbele. Alipofika kwao alitabasamu.

"Mmempa mtoto huyu jina gani?"

Ndayisaba, ndani ya shati lililobana shingo, alifungua mdomo. Upande wake wa kushoto alisimama Bibi Sesilia, wa kulia Apoline. Benchi la nyuma yao alikuwapo Bi Mwanahawa, amejifunga kanga mpya, aliyesema hajaja kusali, amekuja kama shahidi.

"Se," alisema Ndayisaba. Akakohoa. Akaanza tena. "Se."

Jasho lilimtoka masikioni. Padre alisubiri. Mtoto wa jirani alinyamaza kusikiliza.

Bibi Sesilia aliiona shingo ile ikihangaika, na akajua kwamba akiiacha itamchagua yeye. Ndayisaba alikuwa wake, alimfuta kamasi, mdomo wake ungeelekea nyumbani. Na kule Burundi kulikuwa na mwanamke wa kucheka asiye na picha. Akavuta pumzi.

"Sesili," akasema.

Alitaka kusema Sesil, kama Apoline, lakini ulimi wake haukuwahi kuliacha neno bila kulifungia mlango, na sauti ilikuwa ileile ya kutoka ukingoni mwa bonde. Mishumaa iliyumba.

Ila hakusema peke yake. Kwa pumzi hiyohiyo, upande wa kulia, Apoline alikuwa amesema, taratibu na wazi, kwa ulimi wa Kiha kama aliyezaliwa Titye:

"Sesiriya."

Wakatazamana mbele ya kifua cha Ndayisaba.

"Umesema nini, mkwe?" Bibi Sesilia akauliza.

"Nimesema jina la mtoto. Wewe umesema nini?"

"Jina la mtoto. Ni Sesili. Ni mama yako."

"Non. Ni Sesiriya. Ni wewe."

"Mimi nimeshasema mbele ya padre."

"Na mimi nilikuwa nasema wapi? Sokoni?"

"Usinibishie kanisani, mkwe. Marehemu hana hata mmoja."

"Marehemu amezoea. Wewe ulinyoa ng'ombe."

Neno hilo lilikwenda benchi hadi benchi, na hakuna aliyelielewa, lakini lilisikilizwa kuliko somo la kwanza. Athanase, aliyeshika jagi la maji, aliona nafasi, akaviringisha mdomo, "Baba Padre, kwa usahihi ni Che," na Bi Mwanahawa akamkanyaga kwa mbali, kwa macho tu.

"Mama zangu," padre akasema, "kuna watoto wengine."

Akamchukua mtoto, akamwinamisha. "Sesilia," alisema, kwa namna ya kwao Sumbawanga, ambayo haikuwa ya mtu yeyote pale, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji yakamwagika kichwani. Mtoto alikunja uso, akatafuna kidogo, akalala.

Ndayisaba alifungua kifungo cha shingo. Alikuwa mtu pekee kanisani aliyedhani mambo yamekwisha.

Kwa sababu nje waliendelea, na nyumbani waliendelea, pilau la Bi Mwanahawa likiwa katikati yao kwenye sinia. Kila mmoja alimpa mwenzake mtoto kwa nguvu zilezile alizokuwa akimpigania nazo.

"Juzi mlikuwa mnanyang'anyana," Bi Mwanahawa akasema, "leo mnasukumiana. Kesho mtaniletea mimi. Nami nawaambia mapema, mimi nitamwita Sasilia."

"Mkwe ndiye mwenye mtoto," Bibi Sesilia akasema. "Nimemaliza. Basi langu ni kesho."

 Apoline alikuwa amempakata mtoto, na uso wake ukabadilika. Akamwinua mtoto kidogo, akatazama chini, kwenye gauni lake la kanisani. Harufu ilifika kwenye sinia, watu wakasogeza mikono.

Akainuka, akazunguka mkeka, akamweka mtoto magotini pa Bibi Sesilia.

"Mama yangu amekufa, mkwe," alisema. "Jina amelipata, padre amelisema, amesikia huko aliko. Lakini haya hawezi kuja kuyaosha. Mchukue wajina wako."

Bibi Sesilia alitazama magoti yake. Yalikuwa yamejaa, tena yamejaa sana, na joto lake lilikuwa linapenya hadi kwenye paja.  Ndayisaba alinyoosha mkono kwenye sinia akachukua paja la kuku, akampa. Akalishika mkono mmoja, mtoto mkono mwingine. Esperance alikuwa ameshalala pale pale alipokuwa ameegemea ukuta, na kijiko mkononi.

Jioni mtoto alilia kama kawaida. Muuguzi wa Kibondo alisema ni gesi ya tumbo, huisha yenyewe, na iliisha yenyewe. Lakini kitenge cha maua makubwa kilikuwa kimeshakunjuliwa, na basi la kesho liliondoka bila Bibi Sesilia, kwa sababu nywele za kwanza zilikuwa hazijafika urefu wa kunyolewa. Zilipofika, akasema angoje jino. Jino lilipotoka, akasema mtoto anakaribia kusimama, na huwezi kumwacha mtu anasimama peke yake. Baada ya hapo aliacha kutoa sababu. Siku za gulio Apoline huja kutoka Mabamba, humwita mtoto Sesiriya, na Bibi Sesilia humsahihisha, Sesili, wakabishana hadi chai ipoe. Mtoto mwenyewe anapotaka kumwita yeyote kati yao husema "Wee."

Shamba la Titye analilima Reverien. Bibi Sesilia anaishi Kibondo, chumba cha uani kwa Bi Mwanahawa, na analala kitanda kimoja na mtoto.